Kamba ya Dhadho

Nyuma ya mlango wa duka langu hapa Garsen kuna msumari mrefu, na kwenye msumari huo imetundikwa kamba yenye mafundo. Wateja wengi hudhani naiuza kama kamba nyingine zilizo kwenye rafu. Wakiniuliza bei, nawaambia hii si ya kuuza, ni ya Dhadho.

Dhadho ni Mpokomo wa upande wa juu wa mto Tana, mzaliwa wa Wenje. Baba yake alikuwa mchongaji wa mitumbwi, na kwa baba yake alijifunza kutazama mti kwa muda mrefu kabla ya kuugusa kwa shoka. Shule aliiacha darasa la nne. Alishuka huku kwetu akiwa kijana, wakati watu wengi walikuwa wakija kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Kibarua kilipokwisha wenzake walirudi makwao, yeye akabaki. Alikuwa ameshamwona Mashavu.

Mashavu alikuwa akiuza ndizi mbivu karibu na njia panda. Marehemu baba yangu alipenda sana kuisimulia habari yao. Dhadho, mkulima wa ndizi na mwana wa wakulima wa ndizi, kila siku alikuwa akija kununua ndizi.

"Wewe bwana," Mashavu alimwambia mbele ya watu, "hizi ndizi unazila au unazirudisha shambani?"

"Nazipeleka nyumbani kwangu," Dhadho akamjibu. "Nataka ukija uzikute zimeshazoea."

Walioana, wakajenga kwenye ukingo wa mto, mahali Tana inapopinda, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini. Baba alisema kwamba siku hizo, ukitoka mlangoni kwa Dhadho kwenda majini, ulipita shamba zima la ndizi, kisha miembe miwili, kisha njia ya punda. Walipata mtoto mmoja tu, Hanan, ambaye sasa ameolewa Hola.

Mimi nilimjua vizuri kupitia chama. Baada ya mapigano ya Wapokomo na Waorma hapa delta, ambayo sipendi kuyaandika, watu wachache wa Garsen na vijiji vya karibu walianzisha chama cha kusaidiana. Kinaitwa Jumamosi ya Kwanza, kwa sababu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanachama hutoka kufanya kazi moja. Mwezi huu tunamjengea mtu nyumba, mwezi ujao tunachimba choo, mwezi mwingine tunafyeka miti ya miba ya mathenge iliyoziba njia ya kwenda dispensari. Hakuna malipo. Ni chai, mandazi, na jasho. Tuko kama watu arobaini, Wapokomo, Waorma, Wasomali, Wagiriama. Kwa kuwa duka langu liko kando ya barabara na lina chumba cha nyuma, majembe, sululu na wilbaro vikawekwa kwangu. Kazi hiyo niliipenda. Mtu anayetunza vyombo haombwi kutoa hotuba.

Mwenyekiti wetu ni Isaac, Mpokomo wa Golbanti, Mmethodisti, mwalimu aliyestaafu. Mwanzoni chama kilikaribia kuvunjika. Tulikuwa tukimaliza kazi tunakaa kwenye banda la zamani la mnada wa mifugo, na kila mtu anamtaja wa kwao ndiye asaidiwe mwezi ujao. Muorma anamtaja Muorma, Mpokomo anamtaja Mpokomo, sauti zinapanda. Mwezi wa tatu wa chama Isaac alisimama akasema:

"Kuanzia leo hakuna kumtaja mtu wa kabila lako. Ukitaka fulani asaidiwe, ngoja ajulikane na jirani wa upande mwingine. Kama hakuna jirani wa upande mwingine anayeijua shida yake, basi hiyo ndiyo shida yetu ya kwanza."

Watu walinung'unika, lakini kanuni ikashika. Ikatulazimisha kutembeleana. Jina likishatajwa halianguki. Likiwa la haraka linapewa mwezi unaofuata, likiwa si la haraka linangoja zamu.

Halafu ikazaliwa desturi nyingine ambayo haikuandikwa popote. Kulikuwa na mtu mmoja aliyeanza kuwazungukia watu wa makabila mengine, akiwaomba mmoja mmoja, nitaje, nitaje. Watu walimpa jina hilo. Akipita sokoni akina mama wanasema, "Nitaje huyo." Alivumilia miezi miwili, akaacha chama. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuomba kutajwa. Ungeweza kulala njaa, ungeweza kulowa na mvua ndani ya nyumba, lakini ungesubiri mwenzako aone.

Dhadho alikuwa fundi wa chama. Alitengeneza kamba kwa majani ya mti wa mkoma, akaifunga mafundo thelathini, na kutoka fundo hadi fundo ni urefu wa mpini wa jembe. Kwa kamba hiyo alipima kila nyumba tuliyojenga. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Gumato, mjane wa Kiorma, mtoto wa wafugaji. Siku hiyo Gumato alisimama mikono kiunoni akimwangalia Dhadho anavyonyoosha kamba.

"Mzee, mlango wangu usiuelekeze mtoni kama nyumba zenu," alisema. "Mimi sifugi mamba."

"Na mimi sijengi zizi, mama Gumato," Dhadho akamjibu. "Sema unautaka wapi, lakini usiniambie ng'ombe ndio wanaochagua."

Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mapigano kusikia Mpokomo na Muorma wakitaniana hadharani. Mlango ukaelekezwa alikotaka Gumato.

Miaka saba Dhadho hakukosa Jumamosi hata moja. Alikosa moja tu, ile Mashavu alipoamka asubuhi upande wa kushoto wote haufanyi kazi. Tangu siku hiyo Mashavu hakutembea tena. Dhadho alimbeba kumtoa nje asubuhi, akambeba kumrudisha ndani jua likiwa kali. Alimpikia, alimwosha. Ubah, mke wangu, alikuwa akienda kumsuka nywele.

Mwaka wa El Niño, mwezi wa Julai, Dhadho alikuja dukani baada ya kazi kurudisha sululu. Akatoa ile kamba begani.

"Elmi, warya," akaniita kwa Kisomali, "niwekee hii pamoja na majembe."

"Si huwa unakwenda nayo nyumbani, mzee?"

"Nyumbani kuna panya."

Nilipoipokea niliona amefunga uzi mwekundu kwenye fundo moja. Nikamuuliza ni wa nini.

"Kumbukumbu tu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka ukingoni. Leo ni mafundo ishirini na moja." Alikaa kwenye gunia la sukari, akapokea kikombe cha chai. "Nyinyi Wasomali mtakunywa chai mpaka huu mto ukauke."

"Ukikauka si itakuwa nafuu kwako?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Watu wanafikiri mto unakula ukingo wakati umejaa. Si hivyo. Ukijaa, maji yanaushikilia ukingo kama mtu aliyeegemea mlango. Maji yakishuka, ukingo unakosa wa kuushikilia, unaachia. Na ukijaa tena unakuta pale palipoachia."

Akamaliza chai, akaenda. Nilijua, kama walivyojua wengi, kwamba chifu alikuwa amempa kiwanja kidogo kwenye ardhi ya juu, karibu na barabara. Nilijua pia kwamba alikuwa ameshakata nguzo zote na fito zote, akazipanga pale juu ya mawe ili mchwa wasizifikie. Kila wiki alikwenda kuzigeuza. Kilichobaki ni watu. Mtu mmoja wa umri wake, mwenye mke asiyetembea, hawezi kuinua paa peke yake. Chama chetu kiliweza kuinua nyumba kwa siku moja.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti tulifyeka mathenge. Dhadho alikuja kuichukua kamba Ijumaa jioni, kama alivyofanya kila mwezi baadaye, akairudisha Jumamosi alasiri. Uzi mwekundu ulikuwa fundo la kumi na tisa. Septemba tulimwezekea nyumba mzee mmoja kipofu. Kamba ilirudi ikiwa na uzi kwenye fundo la kumi na tatu.

Gollo alikuwepo siku hiyo anarudisha mapanga. Gollo ni Muorma, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote kwenye ukame akabaki na sauti ya kuwaita. Hajui kusema polepole. Lakini alipoishika ile kamba alisema polepole.

"Huu uzi unashuka."

"Naona."

"Mzee anapima nini?"

"Mlango wake na mto."

Gollo alipitisha mafundo kwenye vidole, moja moja, mpaka kumi na tatu. Akafyonza meno. "Basi hilo ni jina," akasema.

"Ni jina," nikasema.

Akaitundika kamba, akaondoka. Nilimwangalia akivuka barabara, nikahisi mzigo umenitoka. Gollo ana mdomo. Gollo si Mpokomo. Gollo atamtaja. Mimi ni nani wa kumtangulia?

Mkutano wa Oktoba ulikuwa baada ya kusafisha dispensari. Tulikaa kwenye banda la mnada, mimi karibu na birika kama kawaida. Dhadho alikaa upande wa pili, juu ya wilbaro iliyogeuzwa, kamba begani. Asubuhi ile uzi ulikuwa fundo la tisa. Kila mtu aliyekuwa karibu naye aliweza kuuona.

"Nani ana jina?" Isaac akauliza.

Gollo akakohoa, akasimama. Moyo wangu ukatulia.

"Mimi nataja vyoo vya shule ya msingi," Gollo akasema. "Vimejaa. Mvua ikija, uchafu wote utaingia madarasani. Tuchimbe vipya kabla ya mvua."

Watu wakaitikia. Lilikuwa jambo la maana, hakuna wa kulipinga. Gollo akakaa, akanitazama mimi. Nilidhani ananitazama kwa sababu anataka chai. Nikammiminia.

"Jina lingine?" Isaac akauliza.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Hakuna jina lingine? Jina la haraka?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Nikafikiria watu arobaini wakigeuka, nikafikiria Gollo labda amepanga kulisema mwishoni, nikafikiria kwamba Dhadho mwenyewe yuko hapo ataona aibu. Nikajifanya natafuta kifuniko cha birika.

"Kwa mara ya tatu," Isaac akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Hakuna jina?"

Dhadho alikuwa akitazama chini, anakwangua udongo kwenye kiatu kwa kijiti. Mkutano ukafungwa.

Nyumbani Ubah aliniuliza nani ametajwa. Nilipomwambia vyoo vya shule, aliweka sufuria chini.

"Na Dhadho?"

"Gollo hakumtaja."

"Sikukuuliza Gollo. Nimekuuliza wewe. Kamba inalala kwako, Elmi, mke wake namsuka mimi. Huo mdomo wako umewekewa kula tu?"

Nilimwahidi kwamba Novemba nitalisema. Mwezi mzima nilijifunza maneno dukani, wateja wakiwa hawapo. Nina jina. Namtaja Dhadho, ni la haraka. Maneno saba. Kuna siku niliyasema kwa sauti, mama mmoja aliyekuwa ameinama kuchagua vitunguu akainuka akaniuliza kama naongea na yeye.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba tulichimba vyoo vya shule. Dhadho, mtu wa umri ule, aliingia shimoni mara nne. Mbingu ilikuwa nyeusi tangu asubuhi. Tulipomaliza tukaanza kuelekea kwenye banda, na maneno yangu saba nilikuwa nayo mdomoni, nayahesabu. Hatukufika. Mvua ilishuka kama imekatwa kamba, watu wakakimbia kila mmoja njia yake, wengine wana watoto wamewaacha nyumbani, wengine wana mifugo. Isaac alipiga kelele kwamba mkutano tutaufanya siku nyingine. Dhadho alikuja mbio mpaka dukani kurudisha kamba, akaitundika mwenyewe.

"Ngoja mvua ipungue, mzee," nikamwambia.

"Mashavu yuko peke yake."

Akaenda. Nilitazama kamba. Uzi ulikuwa fundo la tano.

Mvua hiyo haikupungua. Maji ya kutoka juu yalifika, mto ukajaa, ukatulia umejaa, ukashuka kidogo, ukajaa tena, kama alivyonieleza. Siku ya kumi na tatu baada ya Jumamosi ile ilikuwa Ijumaa. Tulipotoka msikitini adhuhuri, mtu mmoja alituambia ukingo wa kwa Dhadho umeachia. Mimi na Gollo tulikwenda, maji mpaka magotini.

Tulimkuta Mashavu amekaa juu ya kitanda uwanjani, amefunikwa turubai, uso tu ndio uko nje. Nyuma yake hakukuwa na nyumba. Palikuwa na mto. Haukuwa na kelele kubwa kama nilivyotegemea. Ulikuwa unapita tu, rangi ya chai ya maziwa, na mgomba mmoja ulikuwa unazunguka pale kwenye kona kabla ya kuchukuliwa. Dhadho alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Alisikia nyufa alfajiri, akambeba mkewe, akarudi akatoa kitanda, akarudi akatoa vyombo.

"Kitanda kimetoka," alituambia, kama anayetoa taarifa kwa chama. "Sufuria zimetoka. Mlango sikuuwahi." Mlango huo aliuchonga mwenyewe mwaka aliooa.

Gollo alinishika mkono akanivuta kando.

"Kumbe hukumtaja," akasema.

"Nilidhani wewe ndiye ungemtaja. Ulisema ni jina."

"Nilikwambia wewe ni jina! Kamba iko dukani kwako. Nilisema, huyu ndiye mwenye habari, nisimnyang'anye. Nikataja choo. Choo, Elmi!"

Tulibaki tumesimama ndani ya maji.

Hatukuweza kuwapeleka kwenye kiwanja chao, maji yalikuwa yamekizunguka. Niliwaomba waje kwangu. Mashavu alikataa. Alimwambia Ubah sikioni kwamba hataki kubebwa kwenda chooni mbele ya watoto wa watu. Wakakaa na waliohamishwa wengine, kwenye mahema ya turubai kando ya barabara. Ubah alipeleka uji kila siku. Wiki ya kwanza Mashavu alikuwa anaongea. Wiki ya pili alikuwa anakohoa. Wiki ya tatu hakumaliza uji, na Dhadho alikuwa ameketi nyuma yake amemwegemeza kifuani ili apumue, tangu asubuhi mpaka asubuhi. Akafa akiwa ameegemea hapo. Tulimzika siku hiyo hiyo kwenye ardhi ya juu. Hanan hakufika, barabara ya Hola ilikuwa imekatika.

Baada ya mazishi Isaac alikuja dukani. Hakukaa.

"Oktoba niliuliza mara tatu," akasema. "Mimi ni Mpokomo, Elmi, sikuwa na ruhusa ya kulisema, na kanuni niliileta mwenyewe. Niliuliza mara tatu. Nilikuwa nakuuliza wewe."

"Najua, mwalimu."

"Nami najua ningeweza kuivunja," akasema. "Ningeivunja mara moja tu. Nani angenilaumu?" Akatoka bila kungoja jibu.

Desemba hapakuwa na kazi ya chama. Januari maji yakashuka, barabara zikaonekana, tukakusanyika kwenye banda la mnada, wachache kuliko zamani. Harufu ya matope ilikuwa imeingia hata kwenye mabati. Dhadho alikuja. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa. Alikaa palepale, juu ya wilbaro.

Isaac hakumaliza kuuliza. "Nani ana…"

"Dhadho!" nikasema. "Namtaja mzee Dhadho!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Yale maneno saba yote niliyasahau, likabaki hilo jina. Hakuna aliyecheka. Gollo aliinamisha kichwa.

Dhadho alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nashukuru, Elmi," akasema. "Nawashukuru wote. Lakini tusisumbue watu arobaini. Mimi mwenyewe napata pa kulala popote. Nyumba ile ilikuwa ya Mashavu." Akatazama huku na huku mpaka akamwona anayemtafuta. "Kama ni kutaja, mimi ninaye wa kumtaja. Mama Gumato nyumba yake imekwenda na maji, anakaa kwenye hema na wajukuu. Namtaja yeye. Nguzo zipo tayari, fito zipo, ziko kwenye kiwanja changu. Hazijaliwa na mchwa."

Gumato alikuwa amekaa na akina mama. Alijifunika uso kwa mtandio.

"Mzee," akasema kutoka ndani ya mtandio, "mimi siwezi kulala chini ya nguzo zako."

"Utalala," Dhadho akasema. "Na mlango nauweka unakotaka, usianze maneno yako."

Hiyo ndiyo kazi tuliyoifanya Jumamosi ya kwanza ya Februari. Tulibeba zile nguzo mabegani kutoka kiwanjani kwa Dhadho mpaka kwa Gumato, zimenyooka, zimekauka vizuri, kila moja ameitia alama ya mahali pake. Dhadho alinyoosha kamba. Kijana aliyeshika upande wa pili akapiga kelele:

"Mzee, nihesabu mpaka fundo la tano au hapa penye uzi?"

"Ndiyo hilo hilo la tano," Dhadho akasema. "Usiangalie uzi. Hesabu."

Paa liliinuliwa kabla ya adhuhuri. Tulikuwa tunafanya kazi bila utani, unasikia nyundo tu. Gumato alileta chai mwenyewe, akampa Dhadho kikombe cha kwanza kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata Dhadho alipanda lori la kwenda juu, akarudi Wenje, kwa dada yake. Alipita dukani na mfuko mmoja. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilimuuliza kama anataka chai. Akasema lori halingoji. Kamba hakuichukua. Alisema huko Wenje hakuna anayejenga, na chama kitaihitaji.

Amenipigia simu mara moja tu tangu aondoke. Ilikuwa siku ya kawaida, nilikuwa napimia mtu mchele. Aliuliza hali ya Ubah, akauliza kama Gollo amepata hata ng'ombe mmoja. Akauliza kuhusu jembe lile lenye mpini uliolegea, kama tumelitia kabari. Nikamwambia tumetia. Hatukuwa tumetia.

"Na kamba ipo?"

"Ipo kwenye msumari."

"Ule uzi mwekundu ufungue," akasema. "Utawachanganya watu wakipima."

"Nitaufungua, mzee."

Ni miezi mingi sasa. Kila Jumamosi ya kwanza mtu huja kuchukua kamba, na kila mara naishika kabla ya kumpa, naufikia uzi kwa kucha, nauona umeshaingia ndani ya fundo, umepauka karibu kuwa mweupe. Halafu nampa kama ilivyo, namwambia ahesabu, asiangalie uzi.

Bado uko pale, fundo la tano.